Gitaa liliwaokoa Wamaori au liliwapora?

Wengi wetu tunawajua Wamaori wa Nyuzilandi kwa haka ya timu ya raga ya All Blacks: macho yametolewa, ulimi nje, mapaja yanapigwa. Ukiitazama utadhani haijaguswa tangu enzi za mababu. Kumbe kwa miaka mingi wachezaji waliicheza hovyohovyo, mpaka Buck Shelford na wenzake walipong'ang'ania, miaka ya 1980, ichezwe ipasavyo.

Ubishi mkali zaidi, kwangu mimi, uko kwenye nyimbo. Mōteatea, nyimbo zao za kale, nyingi zikiwa za maombolezo, hupanda na kushuka kidogo mno, na wote huimba sauti moja. Tena wimbo haukatiki: huyu akivuta pumzi, wenzake wanaendelea. Kuukata kulihesabiwa kisirani.

Zikaja tenzi za wamisionari, kisha gitaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mbunge Apirana Ngata akahimiza waiata-ā-ringa: maneno ya Kimaori, ishara za mikono, na mara nyingi muziki wa Kizungu. Te Puea Hērangi, kiongozi wa Kimaori, naye, miaka ya 1920, alizunguka na kikundi chake kuchangisha fedha za kujenga Tūrangawaewae, uwanja wa mikutano wa Wamaori.

Wanaolaumu wana hoja. Shingo ya gitaa ina vyuma vinavyogawa sauti, na zile hatua ndogo za sauti za mōteatea huangukia katikati ya vyuma hivyo. Sikio likishazoea gitaa, wimbo wa bibi unaonekana umepotea njia. Filimbi ya kōauau nayo ilikaribia kubaki pambo la makumbusho, hadi Hirini Melbourne na Richard Nunns walipoanza kuipuliza upya.

Lakini watoto walikuwa wakichapwa shuleni kwa kusema Kimaori. Wimbo mwepesi ulikuwa maficho ya lugha, na Ngata huyohuyo alikuwa akikusanya mōteatea vitabuni. Mwaka 1984 "Poi E", wimbo wa Kimaori uliochanganya poi, ngoma ya kuzungusha vipira vyenye kamba, na midundo ya kisasa, ulishika namba moja nchini. Hapo nawaunga mkono watetezi, ingawa kwa upande wa lugha tu. Sikio lililopotea hawajalilipia.

Kwenye Te Matatini, tamasha lililoanza 1972, vikundi hushindania pia mōteatea, bila gitaa. Maombolezo yanatolewa alama na majaji, jambo linalonikera. Ila sikiliza vizuri: watu arobaini jukwaani, na husikii pumzi ikivutwa.