Dawa zikiisha MSD, zahanati ikanunue wapi?

Hili la zahanati kununua dawa nje ya MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali ya Tanzania, watu wanaligombania sana, mi naona pande zote mbili zina hoja ila zote zinaruka kitu kimoja.

MSD ipo kwa sheria ya 1993, inanunua kwa wingi na kusambaza vituo vya serikali nchi nzima. Zamani dawa ikikosekana pale mganga mfawidhi anahangaika duka hadi duka. Mwaka 2014 Dodoma wakaanza mfumo wa mshitiri, wanauita Jazia, baadae ukaenda mikoa yote: mkoa unachagua muuzaji kwa zabuni, bei zinafungwa kwenye mkataba, MSD wakisema hawana ndo kituo kinaagiza kwake.

Wanaotaka MSD peke yake hawajakosea. Ukinunua kwa wingi bei inashuka, ubora unafuatilika, halafu kila shilingi inayoenda kwa mshitiri MSD wanaikosa kwenye oda inayofuata, na dawa zetu nyingi zinatoka nje kwahiyo oda ni ya miezi. Sawa, lakini mama ana mtoto wa nimonia, amoksilini hakuna, anaandikiwa akanunue duka la dawa muhimu kwa bei ya mtaani na hela hana, huyo utamwambia asubiri meli? Mimi nipo na mshitiri, tena bila kusita.

Sasa kinachorukwa ni hela. Mshitiri anataka kulipwa, na zahanati inategemea uchangiaji wa wagonjwa, bima na mgao wa serikali. Sera inasema watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasiojiweza kuanzia miaka 60 watibiwe bure, naiunga mkono kwa moyo wote, ila zahanati ya kijijini wagonjwa wake wengi ndo hao hao! Yaani kituo kinachohudumia wengi wa msamaha, hao wa kutibiwa bure, ndo kinabaki na hela kidogo ya kununulia dawa zilizokosekana, na wanaoumia ni walewale sera ilitaka kuwalinda.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Hapo ndo pa kukomaa, hela ya kila mgonjwa wa msamaha iingie akaunti ya kituo na iingie kwa wakati, maana ikicheleweshwa mshitiri atakopesha mara moja, mara mbili, ya tatu haleti mzigo.