Wakala au Mtandao: Walimu Kumi na Watatu wa Kisumu na Safari ya Meli

Chama kimoja cha walimu wastaafu mjini Kisumu, wanawake kumi na watatu waliokuwa wakiweka akiba pamoja tangu siku zao za kushika chaki, kimeamua kwamba mgao wa mwaka ujao hautanunua shamba wala mabati. Watapanda meli ya utalii. Shemeji yangu ndiye mweka hazina wao, na hiyo ndiyo sababu nilijikuta Jumamosi alasiri barazani kwake, mtaani Milimani, nikiwa nimeshika karatasi ya bei kutoka kwa wakala mmoja wa mjini na simu ya shemeji iliyofunguliwa kwenye tovuti ya meli, nikiulizwa fedha zipelekwe wapi kati ya hizo mbili.

Majibu mawili yalikuwa yakizunguka pale barazani. Vijana wa nyumba hiyo walishikilia kwamba wakala ni dalali tu anayekula katikati, na kwamba mambo yote siku hizi yamo mtandaoni. Walimu wenyewe walishikilia kwamba mtu hapeleki laki moja mahali pasipo na mlango wa kubisha. Kila upande ulikuwa na neno lake la kweli, ila naona zote mbili zilikuwa zikipima jambo ambalo si zito kuliko mengine.

Kuhusu bei, vijana walikosea. Wakala wa meli za utalii hulipwa na kampuni ya meli, kwa kamisheni ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 16 ya nauli, na kamisheni hiyo imo ndani ya bei ileile ambayo mteja angelipa kwenye tovuti ya kampuni. Isitoshe, kampuni kubwa kwa kawaida huwakataza mawakala kutangaza nauli iliyo chini ya ile yao wenyewe. Kwa hiyo anayemkwepa wakala ili abane matumizi huenda asiokoe chochote, isipokuwa pale wakala anapoongeza ada ya huduma, jambo ambalo ni haki yake lakini lapaswa kuandikwa mapema. Karatasi niliyoshika haikuwa na mstari wa namna hiyo. Ilikuwa na jumla moja tu, iliyokolezwa wino, bila kuonyesha nauli ni kiasi gani, ushuru wa bandari kiasi gani na ndege kiasi gani, na jumla isiyochambuliwa humfunga mnunuzi macho.

Simu nayo haikuwa wazi zaidi. Tangazo lilisema safari ya usiku saba katika Bahari ya Mediterania ni "kuanzia dola 499". Tulilifuata. Skrini ya pili ilitaka idadi ya abiria, ya tatu ikaongeza dola 130 za ushuru na ada za bandari, na karibu na mwisho, kwa herufi ndogo, tukakuta bakshishi ya dola 16 kwa kila mtu kwa kila siku, ambayo kwa safari nzima ni dola 112. Zile 499 zilikuwa zimekuwa 741, yaani shilingi 95,000 na ushee kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, na hapo hatujagusa ndege, viza wala bima. Kisha shemeji akauliza swali ambalo tovuti haikujiandaa nalo: "Na wa kumi na tatu atalala na nani?" Bei za meli hizi hupangwa kwa watu wawili katika kabini moja, na anayelala peke yake mara nyingi hulipa nauli ya wawili. Tulipoingiza abiria mmoja, nauli iliruka hadi dola 998. Dawa yake ingekuwa kabini ya watu watatu, lakini ili kuipata tulitakiwa kuanza upya na kujaza kabini moja moja, mara sita. Chai ilipoa.

Neno "mtandaoni" lenyewe pia linachanganya mambo mawili. Tovuti ya kampuni ya meli ni duka la mwenye mali. Tovuti za kulinganisha bei, zile zinazoonyesha meli ishirini kwa wakati mmoja, kwa kawaida ni mawakala vilevile, wanaokula kamisheni ileile, ila tu huyu wa Barabara ya Oginga Odinga unaweza kumkuta ofisini. Tofauti hii hujitokeza siku unapotaka kubadilisha kitu. Ukiwa umenunua kupitia wakala yeyote, wa dukani au wa kwenye skrini, kampuni ya meli kwa kawaida hukataa kuigusa nafasi yako na kukurudisha kwa wakala huyo. Ukiwa umenunua kwa mwenye meli unazungumza naye mwenyewe, ingawa mazungumzo hayo yanaweza kuwa kungoja muziki uishe kwenye laini ya ng'ambo huku salio likiyeyuka.

Nisiwaonee, hata hivyo, wanaopenda mtandao. Pale Dunga, ufukwe wa ziwa hapa Kisumu, mtu anayetaka kuzungushwa ziwani huitazama boti kwanza, akahesabu jaketi za kuokolea maisha, akamsoma nahodha usoni, ndipo akapatana bei. Ramani ya sitaha iliyo mtandaoni ndiyo njia pekee aliyo nayo mtu wa Kisumu ya kuitazama boti iliyo Ugiriki. Humo utaona kwamba kabini ya bei ya kutupa iko chini ya ukumbi wa muziki, na kwamba ile yenye dirisha inatazamana na mashua ya uokoaji. Wakala mvivu hatakuambia hayo. Aidha, nauli za meli hupanda na kushuka, na kampuni kadhaa hukubali kumpa mteja nauli mpya iliyoshuka iwapo ataiomba kabla ya malipo ya mwisho. Anayefuatilia bei mwenyewe kila wiki ataigundua, lakini wakala mwenye wateja hamsini hana sababu kubwa ya kuitafuta.

Uzito hasa, kwa maoni yangu, uko nje ya meli. Mkenya anayepanda meli Piraeus, Ugiriki, akashuka Kuşadası, Uturuki, kisha akarudi kwenye visiwa vya Ugiriki, ametoka katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haimtoshi, na anaweza kuzuiwa kupanda tangu bandari ya kwanza. Ni hivyohivyo kwa anayeondokea Dubai, akapita Oman na kurejea Dubai. Tovuti haikuonyi kwa mkazo wowote. Inauliza uraia wako, inapokea jibu, inachukua fedha, na ndani ya mkataba wa tiketi imeandikwa kwamba hati za kusafiria ni jukumu la abiria mwenyewe. Kunyimwa viza hakumrudishii mtu fedha baada ya tarehe za adhabu kuanza.

Hapa ndipo kalenda inapobana. Ombi la viza ya Schengen halipokewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kurefushwa hadi 45. Malipo ya mwisho ya meli nayo, kwa kampuni nyingi, hudaiwa siku 90 hivi kabla ya kung'oa nanga, na kuanzia hapo kila wiki inayopita huongeza kiasi kinachopotea mtu akighairi, hadi kufikia nauli yote. Maana yake ni kwamba jibu la ubalozi linapaswa kupatikana kati ya siku ya 180 na siku ya 90, wakati bado mmeweka arubuni tu, na hata arubuni yenyewe inafaa kuulizwa kama inarudishwa. Ongeza kwamba alama za vidole hutolewa Nairobi, kwa hiyo ni basi la usiku na kurudi kwa watu kumi na watatu. Ongeza pia ada ya yuro 90 isiyorudishwa, na bima yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Mtu anayeweza kuishika kalenda hiyo mkononi bila kuiangusha anastahili kila senti ya kamisheni yake.

Swali ni kama mtu huyo yupo. Mawakala wengi wa Kisumu na Nakuru wanaishi kwa tiketi za ndege, safari za kununua bidhaa Dubai, Umra, na watalii wa mbugani. Leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya 2011, inathibitisha kwamba mfanyabiashara huyo anajulikana kisheria, na idhini ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, inahusu tiketi za ndege. Zote mbili ni za lazima kuulizia, lakini hakuna hata moja inayosema kama amewahi kumpandisha abiria melini. Nilimpigia simu yule wa karatasi, nikamuuliza kuhusu Kuşadası na viza ya kuingia mara mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Viza ni viza, mzee wangu." Sikuona ubaya moyoni mwake, ila nilijua kwamba kalenda haitashikwa na yeye.

Kuna na kosa la upande wa pili, dogo lakini la kwetu kabisa. Watatu kati ya walimu hao wana majina yanayoishia au yanayopitia "ng'", na fomu ya mtandaoni ilikataa kile kialama cha juu kwa wino mwekundu, kana kwamba Achieng' si jina la mtu. Mmoja alitaka kuacha pengo tupu mahali pa kialama hicho. Nilimzuia, kwa sababu niliwahi kufanya hivyo kwenye tiketi ya ndege na jina langu likagawanyika mara mbili, nikatumia saa nzima kaunta nikieleza kwamba mimi ni mtu mmoja. Jina hufuatwa kama lilivyochapwa kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, mahali ambapo kialama hicho huwa hakiandikwi.

Hofu ya walimu kuhusu mlango wa kubisha inastahili heshima, lakini historia haiiungi mkono moja kwa moja. Thomas Cook, jina la kampuni ya safari ya Uingereza lililoanza safari zake 1841, lilifunga milango yote tarehe 23 Septemba 2019, na takriban watu 150,000 wakarejeshwa Uingereza kwa mpango wa serikali yao. Mwalimu wa Kisumu anayemlipa wakala wa Kisumu hana mpango wa namna hiyo nyuma yake. Kulipa moja kwa moja nako si ngao. Mnamo Novemba 2023 safari ya miaka mitatu iliyoitwa Life at Sea ilifutwa kwa sababu meli yenyewe haikupatikana, na abiria, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kuuza au kupangisha nyumba zao, wakaahidiwa kurudishiwa fedha kwa awamu.

Kwa hiyo ninachokiangalia kwanza ni jina litakalotokea kwenye taarifa ya benki. Wakala mzuri anaweza kuweka nafasi katika mfumo wa kampuni ya meli na kuingiza kadi ya mteja humohumo, fedha zikaenda kwa mwenye meli bila kulala kwenye akaunti ya wakala hata usiku mmoja. Mteja anabaki na msaidizi, na pia anabaki na haki ya kupinga malipo kupitia benki yake jambo likiharibika. Wakala anayelikataa hilo aeleze kwa nini. Na anayetaka zitumwe kwa M-Pesa, kwenye namba yake binafsi, vipande vipande kwa kuwa muamala mmoja hauvuki shilingi 250,000, huyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Ushauri wangu kwa shemeji ulitegemea bahari. Kama ni Mediterania, watafute wakala aliyewahi kuuza meli, hata akiwa Nairobi, na kadi itozwe na kampuni ya meli. Kama ni kusini, hali ni nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90, na kwa miaka mingi kampuni ya meli za utalii ya MSC imekuwa ikileta meli Durban wakati wa kiangazi cha huko, kati ya Novemba na Machi hivi, kwa safari fupi za usiku chache kuelekea pwani ya Msumbiji. Masharti ya kila bandari husomwa mapema, cheti cha homa ya manjano ni lazima, nacho tangu 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote, na ndege ifike siku moja kabla, kwa maana meli haimngojei aliyekwama Nairobi. Yaliyobaki mweka hazina makini anaweza kuyafanya mwenyewe kwenye simu yake, barazani kwake.

Shemeji alikuwa tayari ameanza kujaza fomu ya Durban niliposema jambo ambalo tovuti haikutaja popote: kampuni nyingi za meli hutoa nauli moja ya bure kwa kikundi kinachofikisha watu 16 katika kabini nane, na bei hiyo hupatikana kwa wakala au kwa kuiandikia idara ya vikundi ya kampuni. Aliiweka simu chini. Kumi na sita wangelala wawili wawili, na wa kumi na tatu angepata mwenzake. Wiki hii wamefika kumi na watano. Yule wa mwisho waliyemwomba yuko Nakuru, na amesema atauliza nyumbani kwanza.