"Halafu" na "kwa hiyo": kanuni za usimulizi zinatufaa wapi

Kuna mkuyu umeota majini, nusu ya matawi yake yako upande wa mji, nusu yako upande wa bahari. Kima yuko juu anakula matunda. Papa yuko chini, anaomba na yeye arushiwe. Siku zinapita, urafiki unakolea, na papa anamwalika mwenzake akawatembelee kwao. Kima anapanda mgongoni. Wakishafika mbali, nchi kavu haifikiki tena, ndipo papa anaposema ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Kisa hiki kimo katika hadithi za Unguja alizokusanya mmisionari Mwingereza Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870. Nimeanza nacho kwa sababu ubishi wa kama usimulizi unafundishika huwa unaelea hewani, kila mtu anasema lake bila hadithi yoyote mezani. Wapo wanaoshikilia kwamba kusimulia ni ufundi kama useremala, una vipimo vyake, na asiyevijua atapoteza mbao. Wapo wanaosema bibi zetu hawakusomea popote na bado watoto walikataa kwenda kulala.

Kima na papa wanawapa wote wawili la kusema. Kisa chenyewe kina mizizi India, katika mkusanyiko wa kale wa Panchatantra, ambamo rafiki wa kima kwa kawaida hutafsiriwa kuwa mamba. Karne ya 8 mwandishi Ibn al-Muqaffa aliandika kwa Kiarabu kitabu cha Kalila na Dimna, na humo rafiki ni kobe. Kwetu pwani akawa papa. Mnyama amebadilika, bahari imebadilika, lugha zimebadilika, lakini mifupa ya kisa haikuvunjika: urafiki, safari, siri inayofichuliwa mahali pasipo na pa kukimbilia, na werevu wa kujibu kwamba moyo nimeuacha nyumbani, turudi tukauchukue. Mtu wa kanuni ataniambia ndiyo hiyo, mifupa ndiyo hadithi. Mtu wa kipaji ataniuliza ni nani kati ya wote waliokibeba kisa hiki aliyefundishwa mifupa.

Mimi nilikuwa upande wa kipaji kwa miaka mingi. Kilichonitikisa ni kijana mmoja niliyekaa naye barazani, aliyetaka kusimulia jinsi baba yake alivyopoteza mashua. Alisimulia vizuri, nilidhani. Baba akaamka, akaswali, akashuka pwani, akawasha injini, akaenda, upepo ukachafuka, mashua ikajaa maji, ikazama, akaogelea, akaokolewa. Watu wawili waliokuwa wakinywa kahawa pembeni yetu walisema pole, wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Hapo ndipo nilipouona mtego ulio katika lugha yetu yenyewe. Kiambishi -ka- ni zawadi kwa msimulizi. Kila kitenzi kinamshika mkono mwenzake, na sikio linaridhika kwamba mambo yanasonga. Lakini -ka- haidai sababu. Inatuambia hili limefuata lile, basi. Ukiondoa "akaswali", injini itawaka vilevile. Mswahili anaweza kusimulia nusu saa nzima kwa mwendo mtamu bila jambo lolote kuzaa jingine, na asijue mwenyewe kwa nini wasikilizaji wake wamepoa.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliligusa jambo hilohilo. Wengi wanamkumbuka kwa mwanzo, kati na mwisho, ambalo ni somo jepesi. Lenye uzito ni lile jingine: kwamba kuna tofauti kubwa kati ya tukio kuja baada ya jingine na tukio kuja kwa sababu ya jingine. Nikamwomba kijana asimulie tena, ila kila mahali anapotaka kusema "halafu" ajaribu kusema "kwa hiyo". Alikwama kwenye sentensi ya tatu. Baba akashuka pwani, kwa hiyo... Akanyamaza. Akaangalia chini, akachora kitu sakafuni kwa kidole. Kisha akasema, "Injini ilikuwa ya kuazima."

Haikuwamo mara ya kwanza. Kipaji anacho, sauti anayo, na bado kiini cha msiba wa nyumbani kwao kilikuwa kimebaki nje ya hadithi. Kanuni moja ndiyo iliyokitoa. Siwezi tena kusema kanuni hazina kazi.

Lakini sifuati kundi la kanuni hadi mwisho wa njia. Mwaka 1928 mtafiti Mrusi Vladimir Propp alichambua hadithi za ajabu za Kirusi, akapata matendo 31 yanayojirudia kwa mpangilio uleule. Ni kazi kubwa, nayo ilihusu hadithi za namna hiyo. Kosa ni kuchukua uchambuzi wa aina hiyo na kuugeuza kuwa fomu ya kujaza: hapa weka shujaa, hapa kikwazo, hapa kilele. Nimesoma hadithi za wanafunzi zilizojaza kila pengo hivyo, na hakuna iliyonifanya nitake kujua kinachofuata.

Angalia kima akisharudi mtini. Kisa hakimpi neno. Anapanda juu, anakaa kimya. Papa anaita. Kimya. Papa anaita tena. Bibi yangu alipofika hapa alikuwa akiacha kumenya mihogo, kisu mkononi, akitutazama mmoja mmoja, na sisi tuliobanana mkekani hatukuthubutu hata kukohoa. Fomu gani ingemwambia anyamaze kwa muda gani? Alitupima usoni. Ndiyo maana hadithi zetu hufunguliwa kwa "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!" Jibu likija legevu, fanani anajua mapema kwamba leo ana kazi.

Na kima anapojibu hatimaye, anajibu kwa kisa kingine, cha punda wa dobi aliyerubuniwa na sungura kwenda kwa simba, akanusurika, akarubuniwa tena, akaliwa. Sungura akala moyo na masikio kwa siri. Simba alipouliza viko wapi, akaambiwa punda huyu hakuwa navyo. Angekuwa navyo, angerudije mara ya pili? Kuna mwalimu wa kanuni ambaye angekikata kisa hiki cha ndani kwa kuwa kinachelewesha mwisho. Angekosea, maana hilo ndilo jibu lote la kima kwa papa.

Shuleni tulikosea kwa namna yetu. Wengi wetu tulimaliza tukiweza kutaja sifa za ngano, fanani na hadhira, bila kusimamishwa hata siku moja mbele ya wenzetu tusimulie. Tulipewa majina ya viungo vya mwili ambao hatukuwahi kuugusa. Hata hivyo, siridhiki na jibu rahisi la "nendeni mkawasikilize bibi zenu". Mtoto anayelelewa kwenye chumba cha kupanga, wazazi wakirudi saa tatu usiku wakiwa hoi, hana mkeka wa kukaa. Kwake kanuni huenda ndiyo mlango pekee, na kumfungia kwa jina la kipaji ni dhuluma. Ninachotaka ni asimulie kwanza, kwa mdomo, kwa watu walio mbele yake, aone wanapoa wapi. Kisha apewe kanuni inayogusa pale palipopoa, si zote 31 siku ya kwanza.

Kijana yule alisimulia mara ya tatu jioni ileile. Alianzia kwenye injini, usiku baba anaibeba begani kuileta nyumbani na mama anakataa kuiangalia. Wale wawili wa kahawa walikuwa bado pale. Mmoja aliteremsha kikombe, akageuka.

"Ya nani, hiyo injini?"