Ukienda Kusini Sikukuu Hii, Pokea Unachopewa

Kuanzia katikati ya Desemba, kupata siti kwenye basi la Dar kwenda Lindi au Mtwara ni kazi. Shule zimefungwa, watu wanakwenda kula Krismasi na mwaka mpya kwa wazee wao, na buti za mabasi zinajaa mchele, sukari, mablanketi na doti za khanga. Hilo ni jambo la heri na sina neno nalo. Neno langu ni juu ya siku ya kuondoka, pale shangazi anapotoka ndani na alichokuandalia, na wewe unamjibu, "Aa, shangazi, baki nacho tu. Dar vipo."

Najua anayesema hivyo hana nia mbaya. Anamwonea huruma. Lakini kauli hiyo inauma, na ningependa tuiache.

Tuchukue korosho, maana ndicho kitu cha kwanza utakachopewa huku. Zile korosho nyeupe ndani ya kopo hazikutoka sokoni. Alizikaanga mwenyewe nje ya nyumba, na moshi wa korosho unawasha macho na kukaba koo, tena mafuta ya ganda yakishika moto ni ya kukaa nayo mbali. Zikipoa, anakaa chini anabangua moja moja, vidole kavipaka majivu, kwa sababu utomvu wa ganda unaunguza ngozi na kuacha weusi usiotoka upesi. Halafu bado kuna kumenya lile ganda jembamba la ndani bila kuivunja korosho. Ili upate kilo moja iliyobanguliwa unahitaji kama kilo nne au tano za ghafi, na ghafi hizo angeweza kuzipeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zikapimwa, zikaingia ghalani, zikasubiri mnada. Alizitoa kwenye fedha zake za mwaka akakuwekea wewe. Sasa mtu huyo unamwambia Dar vipo?

Ni kweli vipo. Vinauzwa hata kwenye foleni za magari. Ila aliyekupa hakukupa kwa kuwa umekosa cha kutafuna. Amekupa kwa sababu na yeye ana haki ya kutoa. Wazee walishasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na sisi tunaotoka mjini na mizigo mikubwa ndio wa kwanza kulisahau hilo. Tunataka tuwe watoaji peke yetu. Mama apokee blanketi, apokee sukari, apokee hela, ashukuru, kisha sisi tuondoke mikono mitupu tukijiona tumemsaidia. Mtu anayepokea kila siku na hakubaliwi kutoa anageuka tegemezi nyumbani kwake mwenyewe. Mwanamke aliyelea watoto kwa jembe hastahili kufikishwa hapo.

Kupokea tulifundishwa wote. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, na unakibeba mwenyewe mpaka kwenye basi. Ukiwa na gari lako, usiweke kuku na nazi huku unaguna kwamba gari litanuka. Mzee akishakuona unaguna, mwaka ujao hatakupa, na hatakwambia kwa nini.

Kuna hoja moja naikubali. Wapo wazee wanaojikamua ili mgeni asiondoke mikono mitupu. Malipo ya mnada yakichelewa na wageni wakaja kumi, mtu anaweza kuuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya ushirika, kwa bei ya kutupa, apate hela ya kitoweo. Hilo ni janga, na linatokea. Lakini dawa yake si kukataa kuku aliyekwisha kamatwa. Dawa ni kutowavamia wazee. Sema mapema mnakuja wangapi, tuma hela ya matumizi kabla hamjafika, na ukituma kwa simu weka na ya kutolea. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu unayemtumia elfu ishirini bila ya kutolea unamfanya akatwe makato kwa wakala kwenye zawadi yako. Tena kama unampenda mkulima wa korosho kwelikweli, mkumbuke mwezi wa sita anapohitaji salfa, dawa ya mikorosho, na mtu wa kupulizia. Hakuna shamrashamra mwezi huo, na ndipo hela inapomwokoa.

Kwa upande wa unavyopeleka wewe, soma jina la khanga kabla ya kulipa. Wapo wanaobeba rangi tu, wakampelekea mama mkwe khanga yenye maneno ya kusutana, na sikukuu nzima ikawa ya kununa. Jingine ni mjomba. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba bado ni mtu wa neno katika nyumba nyingi. Ukimruka ukawapa wengine kwanza, usishangae maneno yakizuka jioni.

Na ukishatoa, kimetoka. Mama akikata ile doti, kipande kimoja akampa dada yake au jirani aliyemuuguza, usikunje uso. Zawadi yako imempa na yeye cha kutoa, na hapo imefanya kazi kuliko ingekaa sandukuni. Sipendi pia huu mtindo wa kumsimamisha bibi na blanketi mkononi apigwe picha ya kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Bibi hakuombwa ruhusa, na kijiji kizima sasa kinajua alikuwa hana blanketi.

Majirani wa huku wanatupa darasa zuri zaidi. Siku ya Idd hotpoti la pilau linavuka uwanja kwenda kwa Wakristo, Krismasi linavuka kuja kwa Waislamu, na chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hata kama ni maembe matatu, yatawekwa. Hakuna anayemwambia mwenzake asijisumbue.

Kwa hiyo mwaka huu, shangazi akitoka na kopo lake, pokea. Sema, "Ahsante sana, shangazi, umefanya kazi kubwa." Njiani gari likisimama Nangurukuru, tafuna kidogo, nyingine wagawie unaofanya nao kazi. Kisha mpigie simu, na usiishie kwenye "nimefika salama." Mwambie nani kala, nani kasema ni tamu, na nani kauliza kama anaweza kuagiza kilo mbili. Kama yupo wa kuagiza kweli, mtumie shangazi hela yake kwa bei kamili, na ya kutolea.