Mtoto wa garaji na mzee wa Gécamines

Mtu anajua kazi kwanza halafu anakuwa fundi, ao anaanza kujiona fundi njo kazi inamuingia? Mimi kila siku hapa Lubumbashi naona vyote viwili, na havipatani.

Kuko garaji moja mu Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, mule kijana alikuwa anaosha mapiesi na kupeana kle, mwaka mzima wanamuita "petit" tu. Siku moja kliyenti alikuta patro hayuko, akamuambia: "Mekanisiye, sikiliza hii motere." Kijana akaweka ncha ya turnevisi ku motere, mushiko ku sikio, akasema enjektere ya tatu njo mbaya. Ilikuwa kweli. Toka ile siku gari ikiingia tu, kapo haijafunguliwa yeye ameisha kuinama anasikiliza, na maswali hayamuishi.

Jean Lave, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 aliona mambo ya namna hii kwa mafundi nguo wa Liberia: mwanafunzi anaanza na kupiga pasi na kushona vifungo, kukata kitambaa kunakuja nyuma kabisa, anajifunza sababu yuko ndani ya kazi na anaona mbele yake mtu atakayekuwa.

Lakini jina linaweza pia kufunga mtu, na sisi wa Katanga tunalijua hilo sana. Toka Union Minière, kampuni ya migodi ya 1906, mpaka Gécamines iliyoikamata nafasi yake, wazee walisema kazi njo baba, kazi njo mama: nyumba, hospitali, masomo ya watoto, unga, vyote vilitoka kule, basi mtu hakuwa tena sudere ao elektrisiye, alikuwa mtu wa Gécamines. Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango wa "départs volontaires", ni kusema kuondoka kwa kupenda, na baba mdogo wangu alikuwamo. Elektrisiye mzuri, anabobina motere bila kuangalia karatasi, lakini akatundika kofia yake ya kazi mu salo na miaka ikapita anajibu tu "mimi ni ajenti wa Gécamines". Watu walisema uvivu. Haikuwa uvivu hata kidogo, kufundishwa mambo ya sola na kijana wa miaka 20 kwake ilikuwa kama kuzika yule mwenye kofia.

Alipokubali, wiki ya kwanza tu yule kijana wa sola njo alianza kujifunza kwa mzee, sababu mzee hakubali waya upite bila kupimwa mara mbili. Ile nidhamu ilitoka kule kule ku kofia. Kwa hiyo mimi sisemi jina ni baya, nasema lishikane na mikono ya mtu kuliko kampuni, na lisicheleweshwe.

Yule wa garaji mpaka leo patro anamuita petit, anaogopa akisema mekanisiye ataombwa pesa ya mekanisiye. Ataombwa kweli, na kijana ana haki.