Kadi za salamu nazo zilikuwa mchango

Kuna mwandishi anasema redio ya jamii inayopiga muziki haiwezi kuishi bila matangazo ya biashara. Sikubaliani naye. Redio WFMU ya New Jersey, Marekani, ilianza 1958 katika chuo cha Upsala. Chuo kilifungwa 1995, redio ikabaki, kwa kuwa leseni ilishahamia mikononi mwa watu wake wenyewe. Hadi leo haipigi matangazo ya biashara. Watangazaji wanajitolea, kila mmoja anachagua nyimbo zake, na kila mwaka kwa wiki mbili wanaomba michango hewani.

Niliwahi kujitolea kwenye redio ndogo ya mtaani kwetu, najua kinachoziua. Si mishahara, maana hatukuwa nayo. Ni umeme wa mtambo, ada ya leseni, na ile siku miksa, mashine ya kuchanganya sauti, ilipozima katikati ya taarabu tukawa kimya siku tatu nzima tukitafuta kifaa. Wasikilizaji hawakujua tumekwama kwa sababu hatukuwaambia. Tuliona aibu kuomba.

Aibu ya nini jamani? Mama yangu alinunua kadi za salamu za redio miaka nenda miaka rudi, akazijaza kwa kalamu ya bluu, majina ya mashemeji na mawifi mpaka pembezoni, ili tu asikie jina lake likisomwa hewani. Yule alikuwa anachangia redio! Watu kama yeye bado wapo. Ninyi wa redio za jamii, watajieni bili ya umeme ya mwezi huu ni shilingi ngapi, na namba ya kutuma pesa.