Maelezo yanasema hivi, API inafanya vile

Jamani watu wa API za malipo (zile njia za programu zetu kuongea na mfumo wenu wa malipo), hivi mkibadilisha jina la fildi, yani sehemu ya kujaza taarifa, kwenye kodi mnashindwa nini kugusa na ule ukurasa wa maelezo?? Maelezo yanasema tuma "phone", unatuma, unarudishiwa kosa la 400 (ombi lako lina kasoro) tupu bila hata neno moja la kukuambia umekosea wapi, unahangaika ukidhani tokeni, ule ufunguo wako wa kuingilia, imeisha muda kumbe fildi siku hizi inaitwa "msisdn" (namba ya simu hiyohiyo) na namba lazima ianze na 255, haijaandikwa popote, unakuja kuambiwa kwenye grupu la WhatsApp na dev mwenzako aliyeumia kabla yako. Ule mfano wenyewe wa JSON (muundo wa kuandika data inayotumwa) una koma ya ziada mwishoni, ambayo JSON haiikubali, yani hata aliyeuandika hajawahi kuujaribu 😩

Na msiniambie ni kazi ngumu, OpenAPI, ule mtindo wa kuandika spesi (maelezo rasmi) ya API, ipo tangu ikiitwa Swagger, FastAPI ya Python inakutolea maelezo yenyewe kutoka kwenye kodi ileile, we weka tu testi kwenye CI (mfumo unaokagua kodi kila ikibadilishwa) igome kupitisha mabadiliko kama spesi haifanani na kodi, basi. Halafu juu ya ukurasa wameandika kwa mbwembwe "imesasishwa jana". Kilichosasishwa ni logo.